Hewa ya Rubisi

Kabla hamjagusa chupa yoyote, shikeni hili: msinyonye kitu kwa mdomo. Ninyi mnaoshika kazi niliyoiacha mna vipira vya kunyonyea, mnabonyeza kidogo tu na maji yanapanda kwenye bomba yenyewe. Sisi tulitumia mashavu. Maji ya chokaa, asidi iliyozimuliwa, maji ya kisima yenye wadudu wake, vyote vilipandishwa kwa pumzi ya mtu, na aliyezubaa alijua kwa ulimi wake. Nimeunguza ulimi mara nyingi mno. Lakini kitu kilichoniharibia maisha hakikuniunguza hata kidogo. Kilikuwa kitamu, na mtu anayenisikiliza mpaka mwisho ataelewa kwa nini nimeanza na mdomo.

Naitwa Shaabani. Nimezaliwa Bukoba mjini, watu wa pwani kwa babu na Wahaya kwa bibi, nyumba yetu hatua chache kutoka msikitini. Kazi nilipata mbali kidogo, kwenye sekondari moja ya kilimani karibu na Muleba, nikiwa mtunza maabara. Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, vijiji vya ujamaa vinapangwa, na kila kitu kinaitwa cha kujitegemea, hata ufagio. Shule ilikuwa imejengwa na mapadre kabla haijawa ya serikali. Walimu Wakatoliki, wanafunzi Wakatoliki, mpishi Mkatoliki, na nadhani hata mbuzi wa shule walikuwa wamebatizwa.

Walinitendea vizuri, sisemi uongo. Lakini Jumapili asubuhi kengele ikilia wote waliteremka kwenda misa, na kilima kizima kikabaki changu. Nilikuwa naosha neli za majaribio ambazo nilikwisha ziosha Jumamosi. Nilisikia wanavyoimba kule bondeni, nikawa najua nyimbo zao zote bila kuimba hata mmoja. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu kwenye meza ya maabara, kikombe cha uji kando ya mizani. Upweke wa aina hiyo hauna mtu wa kumlaumu, na ndiyo maana unachosha.

Faraja yangu ilikuwa Zuhura, binti wa Mzee Athumani, fundi cherehani wa mjini. Posa ilikuwa imekubaliwa. Aliniandikia barua fupi, mwandiko umenyooka kama mshono wa baba yake, na kila mara aliuliza swali moja: "Leo umepima nini?" Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimjibu kwa kurasa nne, tano.

Sasa niwaeleze tulikuwa tunapima nini. Mwalimu wa baiolojia aliitwa Rutashobya, mrefu, mwembamba, suruali imekatwa juu ya vifundo kwa sababu ya matope. Kila mwaka kidato cha tatu alikifungulia kwa swali moja: hewa ya ukaa unayoitoa puani imetoka wapi? Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini swali hilo aliliuliza kwa Kiswahili, asije mtu akajificha nyuma ya lugha. Wanafunzi walijibu, "Mapafuni, mwalimu." Mmoja, nadhani mtoto kutoka Kimwani, alisema, "Ni oksijeni iliyochakaa." Darasa zima likaona huyo ndiye aliyepata.

Rutashobya hakucheka. Aliwauliza, "Nani kwao kuna kahawa?" Mikono yote ikapanda. "Baba anapogoa mibuni?" Anapogoa. "Basi na seli inapogoa."

Kisha akachora. Sukari moja ina atomu sita za kaboni. Seli huikata katikati, zinabaki vipande viwili vya kaboni tatu tatu. Kipande cha kaboni tatu kina tawi pembeni, kaboni moja iliyoshikana na oksijeni mbili. Seli inalipogoa tawi hilo. Kilichoanguka ndiyo hewa ya ukaa, na kilichobaki ni kaboni mbili, ambazo zinapelekwa ndani zaidi na kuendelea kupogolewa mpaka kaboni zote sita za sukari zimekwisha toka moja moja. Kwa hiyo hewa unayoitoa puani ilikuwa ndizi uliyokula mchana. Na ile oksijeni uliyovuta? Haigeuki kuwa hewa ya ukaa kamwe. Inapokea mabaki mwishoni kabisa, inaishia kuwa maji. "Hakuna kilichochakaa," alisema. "Kuna kilichokatwa."

Vitabu vina neno refu la Kiingereza kwa jambo hilo, na wanafunzi walilikariri bila kulielewa. Sisi tulisema kupogoa. Mkaguzi mmoja alilalamika kwamba neno hilo ni la shambani. Rutashobya akamjibu kwamba na sukari pia ni ya shambani.

Kazi yangu ilikuwa kufanya maneno yake yaonekane. Chombo kikuu ni maji ya chokaa. Chukueni chokaa ya kupaka kuta, ikorogeni kwenye maji, iacheni itulie mpaka kesho yake, halafu toeni yale maji safi ya juu bila kutibua. Chupa ifungwe barabara, maana hata hewa ya chumbani inayaharibu. Yakikutana na hewa ya ukaa yanakuwa meupe mithili ya maziwa. Lakini msipulize kupita kiasi. Mwanafunzi mmoja alipuliza, yakawa meupe, akaendelea kupuliza kwa sifa, yakarudi kuwa maangavu, akatangaza kwamba pumzi yake imetakata kwa sababu alitoka kuungama. Hewa ikizidi, ule weupe huyeyuka, ndiyo sababu. Sikumwambia siku hiyo. Alikuwa na furaha mno.

Na niseme kosa langu mapema. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa maharage yanayochipua ndani ya chupa, hewa yake ipite kwenye maji ya chokaa. Ilifika saa ya kipindi, maji yakiwa maangavu vilevile. Mpira ulikuwa unavuja mahali, sikupaona. Nikaingia nyuma ya kabati, nikapuliza mara mbili kwa mdomo wangu, nikayarudisha mezani meupe pe. Darasa likaandika: maharage yanatoa hewa ya ukaa.

Rutashobya alikuja baada ya kipindi, akainusa chupa, akaukagua mpira, akaona ulipotoboka. "Bwana Shaabani, hewa hii ni ya nani?"

Nikagusa midomo yangu.

"Umewafundisha jambo la kweli kwa njia ya uongo," alisema. "Sasa hawana jambo la kweli hata moja." Siku ya pili alinisimamisha mbele ya kidato cha tatu nikaeleza mwenyewe. Tangu siku hiyo niliandika nilichokiona, hata kama ni aibu, na nilijivunia hilo kuliko cheti changu. Hiyo ndiyo silaha niliyoingia nayo kwenye janga langu, vijana. Nilidhani inafaa kila mahali.

Rubisi ilikujaje? Hamira iliadimika madukani. Bila hamira hatuna namna ya kuonyesha upogoaji usio na oksijeni, na mtihani wa vitendo unakaribia. Rutashobya akasema kujitegemea kuko mlangoni: kila kibanja cha migomba hapa kinapika rubisi, na rubisi ni hamira inayojilea yenyewe. Wageni wa huku niwaeleze. Ndizi mbivu zinakanyagwa pamoja na nyasi ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, na kweli kwa Kihaya kinaitwa hivyo hivyo, obwato. Maji yake matamu yanachujwa, yanatiwa mtama uliokaangwa, yanafunikwa majani ya mgomba. Kesho yake yanachemka bila moto. Yale mapovu ndiyo hewa yetu ya ukaa. Mle ndani hamna oksijeni ya kutosha, basi hamira inapogoa tawi lile la kwanza tu, na zile kaboni mbili zilizobaki, kwa kukosa pa kwenda, zinageuka kuwa kileo.

Pombe, kwa hiyo, ni sukari iliyopogolewa nusu. Nilipomwandikia Zuhura hivyo alijibu, "Basi mlevi ni mtu aliyekatiza kazi ya seli." Niliisoma barua hiyo mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Mpishi wangu wa rubisi aliitwa Ta Kagaruki, mzee mwenye kibanja chini ya shule, mtu wa utani. Kila wiki nilishuka na chupa zangu kuchukua maji yenye povu. Akiniona tu anapaza sauti, "Waitu! Mwislamu wetu amekuja kuchota hewa! Mwachieni povu, pombe haitaki!" Wanywaji wote wanacheka, nami nacheka nao. Pale ndipo palikuwa mahali pekee kilimani nilipopokelewa kwa kelele. Nawaambia ukweli, wakati mwingine nilishuka wakati chupa zangu bado zina maji.

Kuyahamisha yale maji kutoka obwato kwenda kwenye chupa ilibidi nitumie mpira, na mpira hauanzi mpaka mtu auvute kwa mdomo. Mara ya kwanza yalinifika ulimini nikatema. Mara ya pili nikatema. Mara ya tatu Ta Kagaruki alikuwa anasimulia jinsi padre alivyoonja rubisi ya mavuno ya parokia mpaka akasahau baraka, nikacheka, yakashuka. Funda moja. Kwa kuwa nimeahidi kuandika ninachokiona: halikuwa baya. Nilirudi shuleni, nikasukutua, nikatubu, sikumwambia mtu, na tangu siku hiyo niliuachia mpira kabla maji hayajafika mdomoni. Nilidhani limekwisha.

Mkoa ukaandaa maonyesho ya shule na vijiji pale Bukoba mjini. Rutashobya alifurahi kama bwana harusi. Tungeonyesha sayansi isiyotegemea pakiti za ng'ambo: chupa ya rubisi, bomba la kioo, maji ya chokaa. Kwangu siku hiyo ilikuwa na uzito mwingine, maana baada ya maonyesho nilialikwa kwa Mzee Athumani kula chakula cha mchana na kupanga siku ya nikaha. Nilivaa shati jeupe alilolishona mzee mwenyewe na kofia ya kiua.

Sikilizeni kosa la mtu mwenye miaka minane kazini. Ili rubisi isimwagike kwenye gari la shule niliifunga chupa kwa kizibo kigumu, nikakikaza kwa waya. Mimi, mtu wa hewa, nilisahau hewa. Tukafika, tukapanga meza, jua likawaka, watu wakajaa, na hamira mle ndani inapogoa tu, haijui maonyesho wala mgeni rasmi. Mgeni rasmi alipofika kwenye meza yetu Rutashobya akaanza, "Ndugu, hewa inayotoka humu ni ileile unayoitoa wewe." Nikafungua waya.

Kizibo kilipita juu ya hema. Povu lote likanijia kifuani, usoni, kofia ikalowa. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama mmoja wa mjini, jirani wa Mzee Athumani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe huko Muleba wanaoga nayo!" Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta macho, akatusifu sana. Meza yetu ilipata sifa kuliko zote. Mimi nilikwenda bombani, nikajisugua kwa sabuni ya kufulia, nikavaa shati lile lile likiwa bichi. Harufu haikutoka. Ilinitangulia barabarani.

Mzee Athumani alikuwa barazani kwake, cherehani imefunikwa kitambaa. Habari ilikwisha kumfika. Alinikaribisha, akaitikia salamu, akanisikiliza nikieleza mwanzo hadi mwisho: hamira imeadimika, mtihani, obwato, hewa. Alisikiliza kwa adabu kamili. Mwisho akasema, "Nimekuelewa. Mchuna ngozi hunuka ngozi, na fundi wa nguruwe, kama yupo, Mungu ndiye anayemjua. Sitamnyima mtu mke kwa sababu ya shati."

Nilipumua.

"Lakini, mwanangu, kaka yangu mkubwa alikufa kwa kunywa. Nilimwosha kwa mikono hii. Alianza kwa kuonja, kwa watu wema waliompenda, waliocheka naye. Kwa hiyo nitakuuliza neno moja, unijibu, tule. Rubisi imewahi kugusa ulimi wako?"

Hakuniuliza kama nimekunywa. Angesema kunywa, ningekana na moyo wangu ungekuwa mweupe. Alisema kugusa ulimi. Na mimi nikaona chupa ya maharage na kidato cha tatu kizima kinanitazama. Pazia la mlango wa ndani lilitikisika kidogo. Nilijua nani yuko nyuma yake.

"Imegusa, baba. Mara tatu. Mbili nilitema."

"Na ya tatu?"

"Ilishuka."

Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Aliondoa kitambaa kwenye cherehani, akakikunja, akakifunika tena. Akasema, "Asante kwa kuniambia. Chakula kipo, karibu ule. Lile jambo jingine tuliache." Nikala. Hebu fikirini, nilikula chakula chote, wali na samaki, kwa sababu kukataa kungekuwa ukosefu wa adabu.

Niliporudi kilimani nilimsimulia Rutashobya. Nilidhani atanipa mkono. Alishika kichwa. "Bojo, Shaabani," alisema kwa kunisihi, "si kila swali ni la maabara." Nikamkasirikia kwa wiki nzima, maana nani aliyenifundisha? Alijitolea kwenda kuzungumza na mzee. Nikamkataza. Jeuri ya mkweli ni mbaya kuliko ya mwongo, kwa sababu mwongo anajua kuna siku ataomba msamaha.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Hamira ilirudi madukani, Ta Kagaruki alifariki, kibanja chake wakagawana wanawe. Nilijifunza kutoboa kizibo kabla ya kukifunga, nanyi toboeni. Nilijifunza kuvuta mpira kwa bomba la sindano kuukuu nililopewa zahanati, fikra ambayo ingenijia miaka miwili mapema ningekuwa na wajukuu. Niliendelea kupima hewa za watu na maharage na hamira, na jioni nikirudi chumbani hakuna aliyeniuliza leo nimepima nini. Nilikuwa nikijiuliza mwenyewe, kwa sauti, halafu naona haya.

Lakini sijawaambia ya stendi, nami nimeyaweka hapa kwa sababu yakisemwa mapema siwezi kuendelea na mengine.

Alasiri ile ile, baada ya chakula, gari la shule likiwa limekwisha kuondoka, nilikuwa nimesimama kando ya basi la Biharamulo linalopitia Muleba. Zuhura alikuja na mdogo wake wa kike, akamwacha nyuma kidogo. Alikuwa amelia, na alikuwa amekwisha nyamaza.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," alisema.

"Najua."

"Baba angetosheka na hapana. Alitaka kutosheka. Hukumwona alivyokuangalia?"

"Ingekuwa uongo, Zuhura."

"Ingekuwa uongo, ndiyo. Mimi ningejua, na wewe ungejua. Ungeniambia, ningekukasirikia, tungeubeba wote wawili mpaka uchakae." Akakaza mtandio wake. "Hukuniuliza. Uliamua kuwa mkweli peke yako, na mimi ukaniacha huko nyuma ya pazia."

Nilijua, kwa uhakika wote nilionao, kwamba anasubiri nimwambie anisubiri. Nilikuwa nampenda. Nilitaka kusema nitarudi kesho, nitapiga magoti barazani, nitaacha kazi ile, nitafanya lolote. Kondakta akapiga bodi kwa kiganja.

Nikamwambia basi linaondoka. Na kweli, lilikuwa linaondoka.